Damu Ambayo Uhabeshi Haikuiomba

Katika historia tuliyosoma sekondari, vita vya Uhabeshi vya mwaka 1935 vilipewa mistari michache tu: Mussolini alivamia, Shirikisho la Mataifa likashindwa, Vita Kuu ya Pili ikakaribia. Mwalimu alisoma, sisi tukanakili. Kwa mtihani hiyo ilitosha. Lakini mimi nilibaki na swali moja. Hivi hao walioshindwa kuisaidia Uhabeshi walikuwa wanasema nini? Maana hawakunyamaza, walibishana miezi na miezi. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikiufuatilia ubishi wao, na naona una jambo la kutufaa sisi, ambao nasi hubishana, bungeni na vijiweni kwenye kahawa, kama vijana wetu wapelekwe kufa katika nchi ya watu au la.

Tuanze na mambo yenyewe. Uhabeshi, yaani Ethiopia, ilikuwa nchi huru. Mwaka 1896 iliwapiga Waitalia pale Adwa, kipigo ambacho Italia haikukisahau. Mwaka 1923 ikaingia katika Shirikisho la Mataifa, babu yake Umoja wa Mataifa wa leo. Mkataba wa Shirikisho ulisema kwamba mwanachama anayeanzisha vita kinyume cha mkataba atahesabiwa amewapiga vita wanachama wote. Kwa hiyo Mfalme Haile Selassie alipoona Italia inajaza askari Eritrea na Somalia, hakupeleka Geneva ombi la hisani. Alipeleka dai la alichoahidiwa.

Macho ya wengi yaliielekea Uingereza. Ilikuwa na manowari nyingi, na askari wake walikuwa Misri, karibu na Mfereji wa Suez ambao meli za Italia zilipaswa kuupita kwenda vitani. Je, wananchi wa Uingereza walitaka nini? Hilo tunalijua, kwa sababu waliulizwa. Juni 1935 yalitolewa matokeo ya kura iliyoitwa Kura ya Amani, iliyopigwa nyumba kwa nyumba. Watu zaidi ya milioni 11 walijibu. Walipoulizwa kama taifa linalomshambulia mwenzake lizuiwe kwa vikwazo vya uchumi, zaidi ya milioni 10 walisema ndiyo. Walipoulizwa kama lizuiwe kwa silaha ikibidi, waliosema ndiyo walishuka hadi kama milioni 6.8, na zaidi ya milioni 2 walisema hapana. Ndugu msomaji, itazame vizuri hiyo tofauti. Watu zaidi ya milioni 3 walikuwa tayari kumsaidia jirani kwa mfuko, si kwa mtoto wao. Siwacheki. Vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vimewazika vijana wao kwa malaki, na karibu kila mtaa ulikuwa na jiwe lenye majina.

Ubishi ulipamba moto zaidi Brighton, mwanzoni mwa Oktoba 1935, katika mkutano mkuu wa chama cha Labour, ambacho wakati huo kilikuwa upinzani. Kiongozi wake George Lansbury, mzee wa miaka 76, alikuwa Mkristo asiyekubali vita vya namna yoyote. Alisimama akawaambia wenzake kwamba upanga haujawahi kuleta amani, na kwamba kama chama kinataka njia ya silaha yeye atakaa pembeni. Ukumbi ulimshangilia, maana alipendwa. Akainuka Ernest Bevin, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, mtu wa maneno mazito. Alimshambulia mzee bila huruma. Alisema chama kilishajifunga kwa azimio, na kiongozi hawezi kuitembeza dhamiri yake kutoka kikao hiki hadi kile, akitaka aambiwe aifanyie nini. Alikuwepo pia Stafford Cripps, mwanasheria. Yeye hakukataa kwa sababu ya dini. Alisema serikali ya mabeberu, inayokalia nchi za watu, haiwezi kuaminiwa kuendesha vita vya haki.

Kura zikapigwa, kila chama cha wafanyakazi kikipiga kwa idadi ya wanachama wake: 2,168,000 wakataka Italia izuiwe, 102,000 wakakataa. Siku chache baadaye Lansbury akajiuzulu.

Nikiwasoma hawa watatu, kila mmoja naona ana lake la kweli. Lansbury alijua gharama ya vita. Bevin alijua kwamba ahadi isiyotimizwa ni uongo. Na Cripps, jamani, sisi tuliotawaliwa tutambishiaje? Lakini ukumbini hapo Mhabeshi hakuwepo, wala Mwafrika aliyetawaliwa na Mwingereza hakuwa na kura. London walikuwepo Waafrika na watu wa Karibi waliokuwa na la kusema. Mwaka huo huo walianzisha chama cha marafiki wa Uhabeshi. Mwenyekiti alikuwa C.L.R. James wa Trinidad, na katibu alikuwa Jomo Kenyatta wa Kenya yetu hapa. Walihutubia mikutano, waliandika magazetini. Lakini hawakuwa na kura ya kubadili lolote.

Tarehe 3 Oktoba 1935, wiki hiyo hiyo ya Brighton, majeshi ya Italia yakavuka mto Mareb. Shirikisho likatamka kwamba Italia ndiyo mchokozi, na Novemba vikwazo vikaanza. Vikwazo gani? Mafuta hayakuwemo. Makaa ya mawe hayakuwemo. Chuma cha pua hakikuwemo. Mfereji wa Suez ukabaki wazi, meli zinalipa ada zinapita na mizigo ya vita. Hata kabla ya vita kuanza Uingereza na Ufaransa zilizuia kuuza silaha kwa pande zote mbili, eti zisipendelee upande. Italia ilikuwa na viwanda vyake vya mizinga na ndege. Uhabeshi ilikuwa na nini? Huo usawa ulikuwa wa kumfunga mikono mmoja kati ya wawili wanaopigana. Desemba, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Samuel Hoare, akapatana na Pierre Laval wa Ufaransa kumpa Mussolini kipande kikubwa cha Uhabeshi ili yaishe. Siri ikavuja, wananchi wakachachamaa, Hoare akajiuzulu. Lakini Mhabeshi alipata nini? Mwezi huo huo ndege za Italia zilikuwa zimeanza kumwagia watu gesi ya sumu.

Tarehe 5 Mei 1936 Waitalia wakaingia Addis Ababa. Tarehe 30 Juni Mfalme akasimama Geneva kuhutubia. Waandishi wa habari wa Kiitalia wakampigia miluzi mpaka wakatolewa nje, kisha akasema kwa Kiamhara. Katika hotuba ile limo jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii yote. Mfalme alisema serikali yake haikutegemea kamwe kwamba mataifa mengine yatamwaga damu ya askari wao kwa ajili yake. Wapiganaji wake walitaka njia ya kujitetea tu. Mara nyingi aliomba msaada wa fedha za kununulia silaha, na kila mara alinyimwa.

Umeona? Huko London watu walikuwa wakigombana juu ya damu ya vijana wao, na mwenye kuvamiwa hakuwa ameiomba. Alichoomba ni bunduki, na Mussolini anyimwe mafuta. Hofu ya mama wa Kiingereza ilikuwa ya kweli, siipingi. Ila wakubwa waliigeuza pazia. Kila ilipotajwa hatua ndogo, kama kuzuia mafuta, walisema hiyo italeta vita na watoto wetu watakufa. Basi wakaacha kubwa na dogo pia. Baadaye Mussolini mwenyewe aliripotiwa kumwambia Hitler kwamba kama mafuta yangezuiwa angelazimika kurudi nyuma upesi.

Sasa njoo mwaka 1940. Juni ile Italia ikaingia vitani upande wa Hitler, ikawa adui wa Uingereza. Mara Uhabeshi ikakumbukwa. Na nani wakapelekwa? Walikuwemo vijana wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na wenzao wa Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini. Walipita jangwa la kaskazini ya Kenya, Kismayu ikaanguka Februari 1941, kisha Mogadishu, kisha Harar, na tarehe 6 Aprili Addis Ababa. Tusiwasahau wazalendo wa Kihabeshi wenyewe, waliopigana porini miaka yote mitano. Mfalme alirudi mjini tarehe 5 Mei 1941, siku ile ile mji ulipotekwa. Vita viliendelea hadi Gondar, Novemba.

Mimi natamani siku moja niandike riwaya juu ya askari mmoja wa Keya katika safari ile. Nikijaribu, nakwama mahali pamoja: lini aliulizwa? Mwingereza alipigiwa hodi nyumbani mwaka 1935, akaulizwa kama yuko tayari kwa vita, akajibu ndiyo au hapana. Kijana wa Songea au wa Kitui hakupigiwa hodi ya namna hiyo. Pengine angeulizwa angesema ndiyo, tena kwa moyo, kwa kuwa aliyeonewa ni Mwafrika mwenzake. Lakini ndiyo yake haimo popote.

Wapo watakaosema hayo ni ya wakoloni, sisi tuko huru. Sawa. Lakini Tanzania huru imepeleka askari Kongo, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa mwaka 2013 na tena chini ya SADC mwishoni mwa 2023. Desemba 2017 zaidi ya 10 kati yao waliuawa kwa siku moja pale Semuliki. Sisemi walikosea kwenda. Jirani akivamiwa na wewe ukakaa unahesabu kuku wako, siku yako ikifika utamwita nani? Ninachosema ni kwamba kabla hatujainua mikono kukubali au kukataa, tumsikilize kwanza aliyevamiwa anaomba nini hasa. Pengine anaomba kidogo kuliko tunachokiogopa. Na yule atakayebeba bunduki, pamoja na mama yake, wapewe nafasi ya kusema kabla lori halijaondoka.