Shukrani katika maisha ya kila siku (Buhongwa, Mwanza)

Buhongwa ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, Jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga. Wenyeji wake ni Wasukuma, ambao siku hizi wamechanganyika na Wakerewe, Wajita, Wahaya na Waha waliofuata kazi na biashara mjini. Shukrani huko huanzia mwilini: mtoto akipewa kitu na mkubwa hukipokea kwa mikono miwili, goti limekunjwa, ndipo "wabeja" au "asante" inafuata. Anayenyoosha mkono wa kushoto husahihishwa papo hapo, hata mbele ya wageni.

Kwa majirani walioshibana, neno lenyewe halisemwi sana. Aliyeomba chumvi huchukua akaenda zake. Adabu yake itaonekana siku atakaporudisha bakuli la jirani, maana bakuli halirudi tupu. Hali hii haiko Usukumani tu. Mwaka 2018 Simeon Floyd na wenzake walichunguza mazungumzo ya nyumbani katika lugha nane za mabara matano, wakakuta waliotimiziwa ombi dogo hutamka shukrani takriban mara 1 kati ya 20. Huo si utovu wa adabu. Msaada wa karibu ni wajibu, na wajibu hulipwa kwa wajibu.

Msibani ndipo jambo hili linapoonekana vizuri. Karibu na turubai huwekwa meza, na mtu mwenye mwandiko unaosomeka hukaa na daftari la rambirambi: jina upande mmoja, kiasi upande wa pili. Asiye na fedha huandikiwa alichokuja nacho, debe la mahindi au mzigo wa kuni. Baada ya maziko msemaji wa familia hutoa neno la shukrani. Huanza na Mungu, akaja kwa madaktari na wauguzi, viongozi wa dini, mwenyekiti wa mtaa, akina mama waliopika, vijana waliochimba kaburi, kisha huomba radhi kwamba si rahisi kumtaja kila mmoja. Daftari hutunzwa kabatini. Aliyeandikwa humo akifiwa, linafunuliwa tena.

Kuandika mambo ya kushukuru kumejaribiwa kwingine pia: nchini Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha mwaka 2003 utafiti ambamo baadhi ya washiriki waliandika kila wiki, kwa wiki 10, hadi mambo matano ya kushukuru. Hao waliridhika na maisha yao kuliko walioandika kero. Zoezi hilo ni jema, lakini daftari la msibani lina uzito zaidi: kila mstari ni mtu anayeweza kutembelewa.

Furaha nazo zina taratibu zake. Baada ya harusi kuna kuvunja kamati, ambapo waliohangaikia michango hukaa wakala na kupongezwa. Waislamu humfanyia mtoto mchanga akika. Wakristo hupeleka kanisani sadaka ya shukrani.

Siku hizi michango mingi hutumwa kwa simu, na orodha hupachikwa kwenye kundi la WhatsApp pamoja na viwango. Fedha hufika upesi, na hilo limeokoa familia nyingi. Lakini mwenye kidogo huumbuka mbele ya wote. Aliyechota maji au kulala turubaini na wafiwa hatumi muamala, na asipotajwa kwa mdomo siku ya neno la shukrani, hatajwi popote.