Lacock: monasteri iliyogeuzwa kuwa nyumba ya tajiri

Tunaposimuliwa habari za Mfalme Henry VIII wa Uingereza, mara nyingi tunakomea kwenye ndoa zake na ugomvi wake na Papa. Yaliyowapata watawa tunayapita upesi. Kumbe kati ya mwaka wa 1536 na 1540 zilifungwa nyumba za watawa zipatazo 800, na mashamba yao yakawa mali ya mfalme, naye akayauza mengi. Hesabu kubwa namna hiyo haigusi moyo. Afadhali tuitazame nyumba moja, ile ya Lacock, katika mkoa wa Wiltshire.

Aliyeianzisha ni mwanamke mjane. Ela, bibi mkuu wa Salisbury, alifiwa na mume wake mwaka wa 1226, na hakuolewa tena. Mwaka wa 1232 aliweka msingi wa monasteri kwa ajili ya watawa wanawake wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Augustino. Baadaye yeye mwenyewe aliuacha ukubwa wake, akavaa vazi la utawa, akawa Mama Abesi wa kwanza wa nyumba aliyoijenga. Kazi yake ilidumu miaka zaidi ya 300.

Mwaka wa 1535 wakafika wakaguzi wa mfalme. Walitumwa kutafuta makosa, na katika nyumba nyingi waliyaandika, mengine ya kweli, mengine yaliyotiwa chumvi. Si haki kwetu kudai kwamba kila monasteri ya wakati ule ilikuwa takatifu. Lakini Lacock walikosa la kushtaki. Mkaguzi mmoja, John ap Rice, aliandika kwa mshangao kwamba masista wale walikuwa na kanuni yao katika Kifaransa na waliielewa vizuri. Tena kilikuwa Kifaransa cha kale, kinachofanana na kile cha vitabu vya sheria za Uingereza. Huko nje lugha ilikuwa imebadilika, na ndani ya kuta zile mabinti walikuwa wakirithishana maneno yaleyale kizazi kwa kizazi.

Wema huo haukuwaokoa. Sheria ya mwaka wa 1536 ilifunga nyumba zote zenye mapato yasiyofika pauni 200 kwa mwaka, na Lacock ilikuwa mojawapo. Masista wakamlipa mfalme pauni 300, yaani zaidi ya mapato yao ya mwaka mzima, ili waachwe. Wakaachwa miaka miwili. Mwezi wa Januari 1539 Mama Abesi wa mwisho, Joan Temmes, pamoja na masista wake, waliitoa nyumba. Hati za namna hiyo zilieleza kwamba watawa wanatoa mali yao kwa hiari. Anayejua hofu ya mtu mdogo mbele ya mkubwa ataelewa hiari hiyo ilikuwa ya namna gani.

Walipewa pensheni, hilo tulikubali. Ila miezi michache baadaye, mwaka uleule, ikatoka sheria nyingine ya mfalme iliyowakataza wote waliokuwa wameweka nadhiri ya useja wasioe wala wasiolewe. Fikirini, ninyi mnaotafuta wito wenu: mfalme aliwanyang'anya masista kanisa, meza ya pamoja na dada zao wa utawa, kisha akawaachia nadhiri peke yake, kila mmoja aibebe mahali alipopata pa kulala. Kwangu mimi hili ni zito kuliko kuvunjwa kwa ukuta wowote.

Aliyenunua ni William Sharington, mtu wa mahakama ya mfalme, kwa pauni 783. Wanunuzi wengine walibomoa kila kitu ili wauze mawe na risasi ya mapaa. Sharington alitaka nyumba ya kukaa, basi alichagua. Kanisa halikumfaa, akalibomoa. Ukuta wake wa kaskazini tu ulibaki, ukawa ukuta wa nyumba yake upande wa kusini. Baraza zilizouzunguka ua, sakristia na chumba cha mikutano ya watawa aliviacha vilivyo, akajitengenezea makao katika ghorofa ya juu. Akaongeza mnara wa pembe nane, mazizi ya farasi na mahali pa kupikia pombe. Kwa hiyo Lacock imehifadhika kuliko monasteri nyingi za Uingereza, na sababu si heshima kwa watawa. Mawe yaliyobaki ni yale yaliyomfaa mwenye mali.

Mtu huyo baadaye alisimamia kiwanda cha kutengeneza sarafu za serikali mjini Bristol, akaiba humo. Alikamatwa mwaka wa 1549, akakiri, akasamehewa, akalipa ili arudishiwe mashamba yake. Alifariki mwaka wa 1553 bila mtoto. Nyumba ikaenda kwa ndugu yake, kisha kwa ukoo wa Talbot kwa njia ya ndoa. Mmoja wa ukoo huo, William Henry Fox Talbot, mwaka wa 1835 alipiga humo picha ya dirisha moja, na picha hiyo ni kati ya za kwanza kabisa duniani. Dirisha lenyewe liko upande uleule wa kusini, lilipokuwa kanisa. Mwaka wa 1944 ukoo uliitoa nyumba kwa shirika linalotunza majengo ya kale. Wale mliotazama filamu za Harry Potter mmeona baraza za masista bila kujua: humo ndimo walimopiga picha za shule ya wachawi.

Sharington amezikwa katika kanisa la parokia pale kijijini, maana lile la monasteri halikuwapo tena. Jiwe la kaburi la Ela lilitolewa mahali kanisa lilipokuwa, nalo sasa liko barazani, chini, wageni wakipita kando yake.