Korongo la Oldupai na Swali la Miaka

Kila aliyesoma historia ya kidato cha kwanza, Tanzania au Kenya, amewahi kuandika daftarini kwamba fuvu la Zinjanthropus liligunduliwa Olduvai mwaka 1959 na kwamba umri wake ni miaka milioni 1.75. Ukiwauliza wasomi wa chuo kikuu, achilia mbali watu wa kawaida, umri huo ulijulikanaje, wengi hunyamaza. Wachache hujibu kwa kujiamini kwamba ulipimwa kwa kaboni 14, jibu lisiloweza kuwa sahihi kwa namna yoyote, kama tutakavyoona. Jambo hili lanitia wasiwasi. Mtu aliyepewa nambari bila kupewa njia ya kuifikia hana sababu ya kuishikilia. Siku atakapokutana na msemaji hodari mwenye nambari nyingine, iwe miaka elfu sita au bilioni mia, ataibadilisha kama abadilishavyo shati.

Tuanze na kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mno: mpangilio na miaka. Bibi zetu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mmoja atakuambia alizaliwa mwaka wa njaa kuu, mwingine atasema alikuwa bado anabebwa mgongoni Majimaji ilipoanza. Kwa maelezo hayo unaweza kuwapanga wazee wa kijiji kizima, nani mkubwa na nani mdogo, bila kujua mwaka mmoja. Lakini ukipata andiko linalokuambia kuwa Majimaji ilianza mwaka 1905, ghafla kila umri uliofungamanishwa na vita hiyo unapata nambari. Miamba nayo husomwa hivyo hivyo. Mwaka 1669 Nicolaus Steno, Mdenmaki aliyefanya kazi Florence, aliandika kanuni iliyo rahisi hata yaonekana haihitaji kuandikwa: tabaka la chini lilitangulia kulazwa, la juu likafuata, isipokuwa pale ambapo nguvu fulani imezipindua. Kanuni hiyo hutoa mpangilio. Haitoi mwaka hata mmoja.

Sasa twende Oldupai. Naliandika jina kwa namna ya Wamaasai wenyewe. Ni jina la mkonge pori unaoota pale, na Wajerumani walilisikia vibaya wakaandika Olduvai, nasi tumelibeba kosa hilo zaidi ya miaka mia. Korongo lenyewe limechimbwa na maji ya mvua ukingoni mwa Serengeti, na kuta zake zina kina cha takriban mita mia moja. Palikuwa na ziwa hapo. Volkano za nyanda za juu za Ngorongoro zilikuwa zikilipuka mara kwa mara, majivu yake yakipeperuka na kutanda juu ya ziwa na kingo zake, kisha udongo ukatanda juu ya majivu, kisha majivu tena. Mlima ulipotulia na mto ukaja kukata, mkate huo wa tabaka ukaachwa wazi kwa yeyote mwenye macho.

Mtafiti Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alipita hapo mwaka 1911 na kurudi Berlin na mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka. Mwaka 1913 akaja mwanajiolojia Hans Reck, akazigawa kuta katika tabaka tano, akizipa nambari kutoka chini kwenda juu, la tatu likiwa jekundu kiasi cha kutambulika kwa mbali. Mgawanyo wake umerekebishwa, na tabaka la tano limekwisha gawanywa upya na kupewa majina mengine, lakini nambari zake nne za mwanzo zinatumika hadi leo.

Reck huyo huyo ndiye aliyetuachia somo ambalo, kwa maoni yangu, lingestahili nafasi katika vitabu vya shule kuliko fuvu lenyewe. Katika tabaka la pili alikuta mifupa kamili ya binadamu, mtu wa umbo kama letu, amekunjwa miguu. Akitumia kanuni ya Steno, alihitimisha kwamba mtu huyo ni wa zama za tabaka la pili, yaani wa kale kupita kiasi. Wengi Ulaya hawakukubali. Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete nchini Kenya, alikuwa miongoni mwa wenye shaka. Lakini alipofika korongoni pamoja na Reck mwaka 1931 na kupaona mahali penyewe, akageuka akawa mtetezi wa mifupa ile. Wakatangaza kwa pamoja katika jarida la Nature.

Kilichowaangusha ni uchafu. Mwanajiolojia Percy Boswell aliomba udongo ulioshikamana na mifupa hiyo, uliokuwa umehifadhiwa Ujerumani, akauchunguza punje kwa punje. Ndani yake alikuta vipande vyekundu vya tabaka la tatu na vipande vya chokaa vya tabaka la juu kabisa. Udongo wa tabaka la pili hauwezi kuwa na vumbi la tabaka ambazo zilikuwa hazijakuwapo. Maelezo yakabaki mamoja: mtu yule alizikwa. Waliomzika walichimba kaburi baada ya mmomonyoko kuziondoa tabaka za juu mahali hapo, wakamlaza ndani ya tabaka la pili, wakamfukia kwa udongo mchanganyiko. Mwaka 1933 Reck na Leakey, pamoja na Boswell na wengine, waliandika katika jarida lile lile wakiyakana madai yao ya awali.

Kanuni ya Steno haikukosea hapo. Kaburi ni kitendo kinachokuja baada ya tabaka zinazokatwa nalo, na hilo nalo ni kanuni ya mpangilio. Ila jambo hilo linatuonyesha kwamba tabaka hazijisomi zenyewe, na kwamba punje ya udongo mwekundu inaweza kuushinda ushahidi wa wataalamu wawili walioshuhudia kwa macho.

Tukirudi kwenye Zinjanthropus: Mary Leakey aliliona fuvu hilo tarehe 17 Julai 1959, mumewe akiwa amelala kambini na homa. Lilikuwa katika tabaka la kwanza, karibu na zana za mawe. Umri? Louis Leakey alikisia zaidi ya miaka 600,000. Ninasema alikisia, maana wakati huo hapakuwa na njia nyingine ila kulinganisha mifupa ya wanyama wa tabaka hilo na ile ya mahali pengine, kisha kukadiria unene wa tabaka na kasi ya kujilaza kwake. Kaboni 14 haikuweza kusaidia. Nusu ya kaboni hiyo huoza kila baada ya miaka 5,730 hivi, na ikifika miaka elfu hamsini kiasi kinachobaki ni kidogo mno hata hakipimiki kwa uhakika. Kupima umri wa Zinjanthropus kwa kaboni ni kama kumpima tembo kwa mizani ya sonara.

Saa ya kufaa ilitoka kwenye majivu, na ina ukoo wake. Katika karne ya 19 mwanafizikia William Thomson, maarufu kama Lord Kelvin, alikokotoa jinsi tufe la moto linavyopoa, akasema mwaka 1862 kwamba Dunia ina umri wa kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Hesabu zake zilikuwa safi. Hakujua tu kwamba miamba ina elementi nururifu zinazozalisha joto zenyewe. Ernest Rutherford na wenzake walipoelewa kwamba elementi hizo huoza kwa kasi isiyobadilika, walipata saa ndani ya jiwe. Aliyeiendeleza kuliko wengine ni Mwingereza Arthur Holmes, ambaye mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 21, alikuwa Msumbiji akitafuta madini, akaugua malaria hadi habari za kifo chake zikafika London. Hakufa. Mwaka 1913 alichapisha kitabu juu ya umri wa Dunia, na kazi aliyoianzisha ilifikia kilele mwaka 1956, Clair Patterson alipotumia risasi iliyomo katika vimondo na kupata miaka bilioni 4.55.

Kwa Oldupai, elementi iliyohitajika ni potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu yote ulimwenguni ni aina nururifu, potasiamu 40, ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka bilioni 1.25 hivi. Takriban asilimia 11 ya inayooza hugeuka arigoni, nayo ni gesi. Lava ikiwa bado ya moto, arigoni hutoroka. Ikipoa na kuganda kuwa fuwele, arigoni itakayozalishwa tangu hapo hunaswa ndani. Saa huanza kuhesabu siku volkano ilipolipuka. Ugumu ni kwamba katika miaka milioni mbili ni atomi kama moja tu katika kila elfu ya potasiamu 40 iliyokwisha kuoza, kwa hiyo arigoni ya kupima ni kidogo sana, na fuwele moja kuukuu iliyochanganyika na majivu huweza kuharibu hesabu yote.

Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima fuwele kutoka majivu ya tabaka la kwanza na kuchapisha matokeo pamoja na Leakey mwaka 1961: miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio. Na angalia kilichopimwa. Hakuna aliyeligusa fuvu. Yalipimwa majivu, kisha kanuni ya Steno ikafanya kazi yake: kilicho kati ya majivu mawili hakiwezi kuwa kikuu kuliko ya chini wala kichanga kuliko ya juu. Mwaka wa Majimaji umepatikana, wazee wa kijiji wote wamepata umri.

Wapinzani walijitokeza mara moja, wengine wakileta vipimo vya mwamba wa basalti ulio chini ya tabaka la kwanza vilivyotoa umri mdogo kuliko wa majivu yaliyo juu yake, jambo lisilowezekana. Mmoja alikuwa amekosea, lakini nani? Mwaka 1965 watafiti wengine walitumia njia isiyohusiana kabisa na arigoni: walihesabu mikwaruzo midogo inayoachwa na atomi za urani zinapopasuka ndani ya kioo cha volkano, wakapata takriban miaka milioni mbili, yenye nafasi ya kosa iliyoijumuisha ile 1.75. Ikagunduliwa pia kwamba miamba ya sehemu ya chini ya korongo ilihifadhi mwelekeo wa sumaku ya Dunia ukiwa kama ulivyo leo, katikati ya zama ambazo ncha zilikuwa zimegeuka. Kipindi hicho kifupi kimeonekana hata katika matope ya chini ya bahari, na wanajiolojia wa dunia nzima wanakiita kwa jina la Olduvai. Vipimo vya baadaye vimelisogeza fuvu hadi takriban miaka milioni 1.84. Nambari ya daftarini imerekebishwa, na haikurekebishwa kwa kupigiwa kura.

Mwaka huo 1961 ndio mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Mwaka 1963 profesa wa historia wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alitamka kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa ila ya Wazungu ndani yake, akirudia kwa namna yake alichokwisha kukisema Hegel zaidi ya karne moja kabla. Naelewa kwa nini kizazi cha uhuru kililipokea fuvu la Oldupai kama jibu, na kwa nini kurejeshwa kwake Tanzania mwaka 1965 kulikuwa jambo la kitaifa. Lakini jibu hilo tulilitumia vibaya. Tuliligeuza kuwa bango la utalii, chimbuko la binadamu, huku ujuzi wa kusoma tabaka tukiuacha kwa wageni na kwa Watanzania wachache mno. Kujivunia maktaba ambayo huwezi kuisoma ni kujivunia jengo.

Wachache hao wapo. Mwaka 1973 Amini Mturi alichimbua fuvu la binadamu wa kale kando ya Ziwa Ndutu, upande wa magharibi wa korongo. Mwaka 2014 Jackson Njau, Mtanzania, alikuwa miongoni mwa viongozi wa mradi uliotoboa ardhi ya Oldupai kwa mitambo na kutoa nguzo ndefu za udongo na mwamba. Kwa muda mrefu basalti iliyo chini ya tabaka la kwanza ilihesabiwa kuwa sakafu ya historia ya pale. Mtambo uliipita ile basalti, ukaendelea kushuka hadi zaidi ya mita mia mbili, na chini yake kulikuwa na matope ya ziwa jingine, la zamani zaidi.