Mungwana: jina la uhuru midomoni mwa watumwa

Hapa Kindu mtu akisema «yule ni mungwana», huenda anasifu adabu ya mwenzake. Huenda pia anamtaja tu kuwa Mwislamu wa ukoo wa zamani, wa upande wa Kasongo au Nyangwe. Neno ni moja, na njia lililopitia hadi kutufikia ni yenye machozi.

Katika pwani, tangu Lamu hadi Zanzibar, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru. Huko Lamu waungwana ndio waliokaa katika nyumba za mawe na kujua nasaba zao. Kinyume chake alikuwa mtumwa, na nyuma ya mtumwa mshenzi, mtu wa bara asiyejua desturi za mji. Ndiyo kusema, hapakuwa na muungwana pasipo mwingine wa kudharauliwa.

Misafara ililibeba neno hilo hadi kwetu. Stanley, aliyefika Maniema mwaka 1876, aliwaita wapagazi wake wa Zanzibar «Wangwana», ingawa miongoni mwa wapagazi wa namna hiyo walikuwamo watumwa waliogawana mshahara na mabwana zao. Nyumbani wasingethubutu kujiita hivyo. Huku bara, nani angewauliza?

Kisha likatukia jambo ambalo mimi naliona zito kuliko yote. Chini ya Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, na wafanyabiashara wenzake, vijana waliotekwa katika vijiji vya Maniema walipewa bunduki, kanzu na Kiswahili, wakatumwa kuteka wengine. Nao wakaitwa wangwana. Mtumwa alivikwa jina la mtu huru, na ili alistahili ilimpasa awatie wenzake utumwani. Ngongo Lutete alipanda kwa njia hiyo: aliwahi kuwa mtumwa, akawa mkuu wa vita wa Tippu Tip, akaenda upande wa Wabelgiji mwaka 1892, nao wakamuua mwaka uliofuata.

Waliokimbia bunduki hizo hawakusema «wangwana». Kuteremkia Kisangani waliwaita Batambatamba. Na tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wa misafara wakifyatua risasi katika soko la Nyangwe, lililojaa akina mama. Mamia walikufa, wengi majini.

Baada ya vita vya 1892–1894, Kifaransa kiliwaita watu hao «Arabisés», ijapokuwa wengi wao hawakuwa na damu ya Kiarabu. Lugha yao ikaitwa Kingwana, yaani lugha ya watu huru, lakini kwa walimu wengi maana yake ilikuwa Kiswahili kilichoharibika! Mshenzi naye akageuka «basenji», tusi la mkoloni, na la mtu wa mjini, kwa mwanakijiji. Hata mbwa wetu wasiobweka walipopelekwa Ulaya, walipewa jina hilohilo.

Pwani nako hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na leo muungwana ni mtu mwenye adabu tu. Kijana wa Dar es Salaam hasikii tena mnyororo ndani yake. Sisi tunasema «bangwana», kwa kiambishi «ba-» cha lugha za babu zetu, wale wale walioitwa washenzi.