Mwili Una Mwenyewe: Afya, Soko na Imani Mkoani Mara

Wakristo wa Musoma wanapozungumzia afya siku hizi, andiko moja hutajwa kuliko mengine yote: lile la 1 Wakorintho 6, kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Utalisikia Buhare, Bweri na Makoko, mimbarini na nje ya kanisa. Hulitaja mama anayeuza unga wa mlonge baada ya ibada, kijana wa klabu ya jogingi aliyeamka alfajiri, na yule anayesajili wanakwaya wenzake chini yake ili wauze dawa lishe na kupanda daraja. Hulitaja pia anayefunga kula kwa saa 16 kila siku, na anayetuma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya tangazo la chai ya kuondoa sumu mwilini. Wengi wao wana nia njema, na wengi wana sababu. Lakini nadai kwamba andiko hilo, kwa jinsi linavyotumika, limepinduliwa. Limefanywa hati ya kila mtu kuumiliki mwili wake na kuutengeneza apendavyo, ilhali Paulo aliliandika ili kuwanyang'anya Wakorintho hati hiyo.

Waraka wenyewe unaonyesha. Sura ya 6 inaanza na waumini wanaoburutana mahakamani na kuishia kwa wanaume waliowaendea makahaba wakidai kwamba mambo ya mwili hayana uzito. Paulo anawajibu kwamba mwili una mwenyewe, naye ameulipia. Katika sura ya 3 alikwisha kuliita kanisa zima hekalu, na katika sura ya 12 anasema viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vya kupewa heshima zaidi. Sura ya 11 ndiyo ngumu kuliko zote. Wenye nacho wa Korintho walifika mapema kwenye meza ya Bwana, wakala, wakalewa, na maskini wakabaki na njaa. Paulo anaunganisha jambo hilo moja kwa moja na wagonjwa na vifo vilivyokuwa katika kanisa lile. Anaposaka chanzo cha maradhi yao haulizi mgonjwa alikula nini. Anauliza kanisa lilimtendea nini jirani mezani. Katika mahubiri ya afya ninayoyasikia, sura hiyo haifunguliwi.

Haifuati kwamba Maandiko yanadharau nidhamu ya mwili. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unasema mazoezi yana faida kidogo, na kidogo si bure. Waraka huohuo unamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Waraka kwa Wakolosai, kwa upande wake, unaonya juu ya amri za usiguse na usionje, ambazo huonekana kuwa za hekima kumbe hazina nguvu ya kumbadilisha mtu. Kwa miaka karibu elfu mbili Wakristo wametembea kati ya mafundisho hayo mawili. Katika karne ya 2, Ireneo wa Lyon aliwapinga waliofundisha kwamba roho ni mfungwa ndani ya nyama isiyo na thamani. Soko la afya la leo linaonekana kuwa upande wa Ireneo kwa sababu linausifu mwili mchana na usiku. Lisikilizeni vizuri. Mwili linaousifu ni ule usiokuwapo bado: uliopunguzwa, ulioondolewa sumu, uliorudishiwa ujana. Mwili uliopo, wenye kitambi, makovu ya uzazi na magoti yanayouma, kwa soko hilo ni kosa linalosubiri kusahihishwa.

Mkoa wa Mara unafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mafundisho ya Kikristo kuhusu afya yalifika hapa zamani, na kwa njia zaidi ya moja. Waadventista Wasabato walifungua misheni Majita na Busegwe kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaja na ujumbe ambao Ellen White alianza kuutangaza Marekani mwaka 1863. Katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, White alitaja tiba nane: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, mapumziko, mazoezi, chakula kinachofaa, maji, na kumtumaini Mungu. Tuitazame orodha hiyo kwa jicho la mkulima wa Bunda au mvuvi wa mwalo wa Musoma. Sehemu yake kubwa hainunuliwi dukani wala haina wakala, na haihitaji mtu wa kumsajili chini yako. Asiyekuwa Msabato anaweza kubishana na mengi katika mafundisho yao, lakini kuhusu pombe, tumbaku na kiasi mezani tunawiwa shukrani.

Njia hiyohiyo, hata hivyo, ina tawi lililopotea, na hadithi yake ni muhimu kwetu. John Harvey Kellogg, daktari Msabato, alikabidhiwa taasisi ya tiba ya Battle Creek, Michigan, mwaka 1876 akaifanya maarufu duniani kwa lishe ya mimea, maji na mazoezi. Mwaka 1907 kanisa lake lilimwondoa katika ushirika baada ya mgogoro mrefu wa mafundisho na mamlaka. Kilichofuata hakikuwa ajali. Mwaka 1914 Battle Creek ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa kitaifa wa kuboresha kizazi cha binadamu, na Kellogg alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Wengi wa waliokutana waliamini kwamba wenye miili na akili dhaifu wazuiwe kuzaa, na weupe walio bora waongezeke. Mtu aliyeanza kwa kulinda hekalu aliishia kuhesabu ni nani hastahili kuwa hekalu. Naiona mantiki yake kuwa nyoofu: ukiufanya uzima wa mwili kuwa kipimo cha uadilifu, mgonjwa anakuwa mshitakiwa na mlemavu anakuwa hoja dhidi yako. Hapa kwetu jambo hilo hujitokeza kwa sauti ya chini zaidi, pale mwenye kisukari anapoambiwa kwenye maombi kwamba amejitakia, au mwenye saratani anapoulizwa alikosea wapi katika imani au katika lishe.

Njia nyingine ni ya uponyaji wa ghafla. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, aliwanywesha watu kikombe cha dawa ya mti wa mugariga katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Maelfu walimfuata kutoka pande zote za nchi, kanda ya ziwa ikiwamo, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Bei ilikuwa shilingi 500, kwa hiyo tusiharakishe kumwita mfanyabiashara. Waliokwenda hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliochoshwa na kliniki isiyo na mwisho: vidonge vya kila siku, nauli ya kila mwezi, daktari anayesema ugonjwa utadhibitiwa lakini hautaisha. Kikombe kimoja kiliwaahidi kwamba yatakwisha. Wapo walioacha dawa zao za shinikizo la damu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, wakalipa kwa uhai. Chai ya kusafisha tumbo inayouzwa leo kwa bei mara nyingi ya kikombe kile inaahidi jambo hilohilo, na kwa wafamasia wetu madhara ya kuacha dawa si habari mpya.

Ipo njia ya tatu, nayo inaonekana kusahaulika. Wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati mwaka 1934, na hospitali iliyokua hapo ikawatibu wenye ukoma na kuwafundisha wauguzi. Mapadre wa Maryknoll walianza kazi Musoma mwaka 1946. Julius Nyerere wa Butiama, aliyebatizwa Mkatoliki mwaka 1943, alisimama mbele ya masista wa Maryknoll New York mwezi Oktoba 1970 akawaambia kwamba Kanisa lisiloshiriki kupambana na mifumo inayowaweka watu katika umaskini na kudhalilishwa litapoteza maana kwa watu hao. Kwake njaa na ugonjwa wa kuzuilika vilikuwa mambo ya kitheolojia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1973, nchi iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: vikundi vya kujifunza vilikusanyika kuzunguka redio kwa wiki kadhaa, watu wapatao milioni 2, wakajadili malaria, minyoo, kuhara, kifua kikuu na kichocho, kisha wakainuka na majembe. Vilichimbwa vyoo kwa mamia ya maelfu.

Naisisitiza kampeni hiyo kwa sababu ya namna ilivyouelewa mwili. Kichocho kwenye fukwe za Ziwa Viktoria hakina tiba ya mtu mmoja. Unaweza kumeza dawa leo, ukanawa vizuri na kula mboga, lakini jirani asiye na choo akiendelea kujisaidia kando ya maji, mtoto wako atakirudisha nyumbani kesho. Mwili wangu na haja ya jirani yangu vinakutana majini. Hata samaki wanatueleza jambo: minofu ya sangara imesafirishwa Ulaya kwa miaka mingi kutoka viwanda vya kanda hii, na leo mtu wa Musoma anauziwa mafuta ya samaki kwenye vidonge vilivyotoka ng'ambo, wakati dagaa wanaoliwa na mifupa yao wamelala juani mwaloni. Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare kinawaandaa watu wa kazi ya aina ile ya mwaka 1973. Sijui kwa nini parokia na mitaa inayokizunguka imwite mbobezi wa virutubisho kutoka mbali kabla ya kumwita mwanafunzi wa chuo hicho.

Kuna pingamizi la haki. Magonjwa yamebadilika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba zaidi ya robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na takriban 9 katika kila 100 walikuwa na sukari iliyozidi. Choo hakishushi presha. Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo, alipowahimiza Watanzania wapunguze wanga, sukari na idadi ya milo, wengi walimcheka, lakini alikuwa anasema alichokiona kwenye wodi za moyo. Karani anayekaa kutwa nzima ofisini Musoma anahitaji kukimbia. Nakubali yote hayo. Ninachokataa ni kumpa ushauri huohuo mama wa Butiama anayebeba ndoo ya maji kichwani na kula mlo mmoja kwa sababu hana wa pili, kisha kumwita mzembe wa hekalu lake.

Kuhusu kufunga, kanisa la kale lilikuwa na utaratibu ambao ningetamani kuuona ukirudi. Mchungaji wa Herma, kitabu cha Kikristo cha karne ya 2, kinamwelekeza anayefunga akadirie gharama ya chakula alichoacha kula, kisha kiasi hicho ampe mjane, yatima au mhitaji. Isaya 58 ilikuwa imesema la jinsi hiyo mapema zaidi. Kufunga kwa saa 16 kunakobaki katika kiuno cha mfungaji ni mazoezi mema na si zaidi. Jumuiya ndogo ndogo ya Buhare ikikusanya thamani ya milo iliyoachwa na wenye uwezo wakati wa Kwaresima, inaweza kumlipia bibi mmoja mchango wa bima ya afya sasa ambapo sheria ya bima ya afya kwa wote ipo tangu mwaka 2023. Hapo mtu anaweza kulitaja hekalu bila kuona haya.

Ugumu mkubwa wa hoja yangu, hata hivyo, hautoki sokoni. Nimesema mwili si mali binafsi. Msikilizaji makini wa Tarime au Serengeti atauliza: si ndivyo wazee wanavyosema wanapompeleka binti kwa ngariba? Ukeketaji nao hutetewa kwa jina la jamii, kwamba mwili wa binti ni wa ukoo, na heshima yake ni ya wote. Utafiti wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 10, ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Nikiishia kusema mwili ni wa jamii, nimemkabidhi binti huyo kwa wembe.

Paulo hakuishia hapo. Mwenye mwili si mtu binafsi, lakini si ukoo pia, wala mume, wala mchungaji, na kwa sababu umelipiwa na mmoja hakuna mwingine anayeweza kudai fidia juu yake, iwe ni ng'ombe au heshima. Jamii imepewa kuutunza, haikupewa kuukata. Kutoka msingi huo ndipo ninaona maana ya nyumba salama iliyofunguliwa Mugumu mwaka 2014 na Dayosisi ya Anglikana ya Mara kwa mabinti wanaokimbia msimu wa ukeketaji wa Desemba. Binti anayefika pale usiku anahitaji godoro, chakula na mtu wa kwenda naye polisi. Januari anahitaji ada na sare, maana nyumbani wanaweza kumkataa, na suluhu na wazazi inaweza kuchukua miezi. Gharama hizo zinapaswa kuandikwa katika bajeti za sharika za Musoma, Bunda na Butiama pia, ambako wengi hudhani jambo hili ni la Wakurya wa Tarime na Serengeti peke yao.