Ardhi na Riwaya: Kuisoma Zanzibar Kutoka Voi

Ni desturi ya wataalamu kuzichunguza jamii za visiwani, baada ya ukoloni, kwa kuwasoma waandishi wao. Njia hii ni njema, ila ina sharti: mtafiti ajue anawauliza waandishi hao swali gani. Makala haya yadai kwamba swali lifaalo kuulizwa Zanzibar laweza kuanzia Voi.

Swali lenyewe ni la ardhi. Taita Hills Association, iliyopinga Wataita kunyang'anywa ardhi, ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1940, pamoja na Kikuyu Central Association. Mwaka 1948 iliundwa Mbuga ya Tsavo. Leo mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya Taita Taveta. Uhuru wa 1963 uliyakuta mashamba makubwa ya mkonge na kuyaacha, na maskwota wakabaki bila hati.

Zanzibar ilishika njia nyingine. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa, kisha wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), riwaya ya Adam Shafi, yaeleza kwa nini jambo hilo lilingojewa: Kijakazi amemtumikia bwana wake hata utumwa wake ameuona kuwa wajibu. Msomaji wa Voi akiishia hapo, atasema visiwa vilipata jibu ambalo bara ililikosa.

Asiishie hapo. Katika By the Sea (2001) ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyehamia Uingereza na kutunukiwa Nobel mwaka 2021, Saleh Omar, muuza samani, apoteza nyumba yake na kufungwa miaka mingi chini ya dola mpya. Wala haya si maneno ya waliohama tu. Shafi mwenyewe, katika Haini (2003), alichota kutoka kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972.

Ushahidi huu haubatilishi ule wa Kijakazi. Dhuluma aliyotendewa ilikuwa kweli. Waonyesha tu kwamba mkono uwezao kumpa mtu ardhi waweza pia kumnyang'anya. Kwa hiyo skwota wa Taita Taveta anayedai hati ana swali la pili la kuuliza, nalo ndilo waandishi wa visiwani wanalotufundisha: hati hiyo italindwa na nani, na huyo atazuiliwa na nani?