Silinda ya Nyuma

Wasomaji wangu, leo tuache siasa zipumzike kidogo. Nataka tuongee kuhusu joto. Si lile joto la Dar la mwezi wa pili, ambalo hata ukikaa mbele ya feni bado unatoka jasho. Naongelea joto la injini ya pikipiki.

Najua kuna watakaoguna: mwandishi wa habari na injini, wapi na wapi? Jibu langu fupi. Vijana wengi wa rika letu wanakula kwa injini ndogo ya silinda moja, isiyo na rejeta wala tone la maji, inayopozwa na upepo tu. Injini ile ikipata joto hadi pistoni ikakamata, hakisimami chombo peke yake. Inasimama hesabu ya tajiri, inasimama ada ya mtoto, unasimama ugali. Halafu ukipita vijiweni unasikia maelezo yale yale: "Hizi za siku hizi feki, za zamani ndiyo zilikuwa chuma!"

Hilo la "za zamani" ndilo lililonipeleka kwenye historia. Na huko nimekuta kwamba joto lilianza kusumbua mwaka ule ule pikipiki ilipozaliwa.

KITI KINAWAKA

Turudi Ujerumani, mji wa Cannstatt, mwaka 1885. Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach wamefunga injini ya cc 264 kwenye fremu ya mbao. Nguvu yake ni nusu ya farasi mmoja! Chombo wamekiita Reitwagen. Mwezi Novemba, Paul, mtoto wa Daimler, akakipanda kuelekea Untertürkheim. Inasimuliwa kwamba njiani kiti kilishika moto.

Sababu? Injini ile haikuwa na plagi ya umeme. Ilikuwa na kijibomba kinachopashwa moto mpaka kinakuwa chekundu, ndicho kiwashe gesi ndani ya silinda. Na kijibomba hicho kilikaa chini ya kiti cha mpandaji. Yaani tatizo la kwanza la joto katika historia ya pikipiki lilikuwa la mpangilio, kitu cha moto kimewekwa mahali pasipofaa. Lishike hilo, tutalirudia.

Mwaka 1894 Hildebrand & Wolfmüller wa Munich wakatoa pikipiki ya kwanza kuundwa kwa ajili ya kuuzwa kwa wingi. Ilikuwa na cc 1489 na ilipozwa kwa maji, tena tangi la maji lilikuwa ndani ya madigadi ya nyuma. Lakini maji ni mzigo, yanavuja, na kule kwao wakati wa baridi yanaganda. Waundaji wengi wakaona heri upepo, maana ni wa bure. Ndiyo asili ya yale mapezi unayoyaona yamezunguka silinda. Kazi yake ni kuongeza eneo la chuma linaloguswa na hewa.

Na kazi si ndogo. Wakati wa mlipuko, gesi ndani ya silinda inapita nyuzi 2000 za Selsiasi. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Mbona pistoni haigeuki uji? Kwa sababu mlipuko ni wa kufumba na kufumbua, na joto halikai. Linatoka kwenye pistoni, linapita kwenye ringi, linaingia kwenye ukuta wa silinda, linafika kwenye mapezi na kuondoka na upepo. Injini ya petroli ya aina hii inageuza takribani robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Nyingine karibu yote ni joto linalotafuta mlango. Ziba mlango mmoja, uone kazi.

MTOTO WA MWISHO KWENYE SINIA

Sasa wazungu wakataka nguvu zaidi, wakaongeza silinda ya pili. Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza.

Douglas wa Bristol, Uingereza, kuanzia mwaka 1907 walizilaza silinda mbili, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma. Kule Marekani, Harley-Davidson walitoa injini yao ya kwanza ya umbo la V mwaka 1909, silinda moja mbele ya mwenzake. Zote mbili zina ugonjwa mmoja. Ya mbele inapata upepo mbichi. Ya nyuma inapata upepo ambao mwenzake ameshautumia, tena wa moto. Ni kama mtoto aliyechelewa kwenye sinia. Anakuta mifupa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwazuia Wajerumani kuunda injini za ndege. BMW, waliokuwa wakiishi kwa injini hizo, wakabaki wanatafuta riziki. Mtaalamu wao Martin Stolle akaifuata njia ya Douglas, na mwaka 1920 ikatoka injini ndogo ya silinda mbili zilizolala. Kampuni nyingine wakainunua na kuifunga kwenye pikipiki zao. Mojawapo ilikuwa Helios, na silinda yake ya nyuma ilikuwa inachemka kama ilivyotarajiwa.

Kazi ya kuirekebisha Helios akapewa Max Friz, mhandisi wa injini za ndege. Angeweza kuongeza mapezi. Angeweza kulaumu chuma au mafuta. Yeye aliigeuza injini nzima ikakaa kwa upana, silinda moja ikachomoza kushoto na nyingine kulia. Zote mbili zikapata upepo sawa. Hakuna tena ya nyuma!

Mwaka 1923 ikatoka BMW R 32, cc 494, nguvu za farasi 8.5, mwendo wa kilomita 95 hivi kwa saa. Tuwe wakweli, Friz hakuwa wa kwanza kukaa na wazo hilo. ABC ya Uingereza ilishatoka na silinda za kushoto na kulia mwaka 1919. Lakini BMW ndio waliolishikilia wazo hilo. Takribani miaka mia baadaye, mwaka 2020, walitoa R 18 ya cc 1802, silinda bado ziko pembeni, bado inapozwa kwa hewa na oili.

VALVU, OILI NA UJANJA MWINGINE

Wengine walilifuata joto ndani ya injini yenyewe. Mwingereza Sam Heron, akifanya kazi Farnborough wakati wa vita ile, alichunguza namna silinda zinavyopoa, na kazi hiyo ikafungua njia ya silinda hedi za aluminiamu, inayopitisha joto kuliko chuma cha kuyeyusha. Baadaye, akiwa Marekani, akashughulikia valvu ya eksozi, ambayo ndiyo inateseka kuliko zote. Aliitoboa ndani na kutia sodiamu. Sodiamu inayeyuka kwenye nyuzi 98 hivi, inarukaruka humo ndani, na kubeba joto kutoka kichwani mwa valvu kwenda kwenye mguu wake. Injini ya ndege iliyomvusha Charles Lindbergh kutoka New York hadi Paris mwaka 1927, saa 33 na nusu hewani, ilikuwa ya kupozwa kwa hewa, na silinda zake zilitokana na kazi ya Heron.

Suzuki nao, mwaka 1985, waliikataa rejeta ya maji kwenye GSX-R750 kwa sababu ya uzito. Etsuo Yokouchi na wenzake wakamwaga oili nyingi juu ya silinda hedi ili ibebe joto. Pikipiki ikapata nguvu za farasi 100 na uzito wa kilo 176 tu ikiwa kavu.

Na Harley? Silinda yao ya nyuma haijahama mpaka leo, maana umbo la V ndilo wateja wanalolipenda. Miaka ya mwisho ya 2000 waliweka mfumo ambao pikipiki ikisimama kwenye foleni na joto likapanda, silinda ya nyuma inaacha kuwaka. Kama huwezi kumpa upepo, mpunguzie kazi!

TUNAJIFUNZA NINI KIJIWENI?

Ukiwatazama watu hawa, wote walijiuliza maswali mawili: joto linatoka wapi, na linazuiwa wapi kutoka? Maswali hayo hayagharimu hata shilingi, na yanakupa mpangilio wa ukaguzi, kuanzia cha bure hadi cha ghali.

Kwanza, njia ya upepo. Matope yaliyokaukia kwenye mapezi ni blanketi. Pili, oili: ipo ya kutosha, na imebadilishwa lini? Injini hizi ndogo zinabeba kama lita moja tu, na hiyo hiyo inalainisha na kupoza. Tatu, fungua plagi uisome. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe kama mfupa ni dalili ya joto, mara nyingi hewa imezidi petroli. Hapo tafuta jeti iliyoziba, au hewa inayopenya kati ya kabureta na silinda hedi. Nne, tapeti. Zikibana sana, valvu ya eksozi haikai vizuri kwenye kiti chake, na pale kwenye kiti ndipo inapopozea joto lake jingi. Tano, breki inayokamata au klachi inayoteleza, maana injini inafanya kazi ya bure. Na tafadhali, usimwagie maji injini ya moto! Chuma kinaweza kupinda au kupasuka.

Kuna kijana mmoja mwenye pikipiki ya mkataba alibadilishiwa pistoni na bloku mara mbili ndani ya miezi michache. Mara zote mbili injini ikanoki tena. Fundi wa tatu, mzee mmoja asiye na papara, akaupapasa ule mpira unaounganisha kabureta na silinda hedi, akakuta ufa. Mpira ule bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na zile bloku. Lakini kijana alikuwa tayari anadaiwa rejesho la wiki kadhaa, na tajiri alikwishaanza kuulizia funguo.

Ndiyo maana ile kauli ya "hizi za siku hizi feki" inanikera. Inaweza ikawa kweli mara moja moja, lakini inamaliza mjadala kabla ya ukaguzi kuanza, na anayelipia ni yule yule asiye na kitu. Za zamani nazo zilichemka, wandugu, tena ya kwanza kabisa ilimuunguzia mtu kiti. Mwambieni fundi akague mpira kwanza, ndipo aongelee bloku.

Naomba kuwasilisha.